Baba yake ameona Dangal, sasa mtoto halali

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu aliiona Dangal, ile filamu ya Kihindi ya baba anayewafundisha binti zake mieleka, kwenye kibanda umiza, akarudi mtu mwingine. Sasa kila siku saa kumi na moja alfajiri anamwamsha binti yetu wa miaka 13 akakimbie, na jioni anamfundisha ndondi kwa glavu zake za ujana. Majirani wanasema tunalea jikedume, nani atamposa? Nimkataze?*
*Mama Wawili, Tanga*

Marahaba, mwanangu.

La posa tulimalize hapa hapa: kwa miaka 13, mposaji asionekane hata uchochoroni kwenu. Dangal yenyewe imeligusa hilo. Kumbuka ile harusi: mabinti wa Mahavir Phogat, yule baba wa kwenye filamu, wanamlalamikia bibi harusi, rafiki yao wa miaka 14, jinsi baba yao anavyowatesa kwa mazoezi ya mieleka. Yule mtoto, kajiinamia na mapambo yake, anawaambia heri wao, baba yao angalau anawaona ni watoto. Yeye anatolewa kwa mtu asiyemjua. Hapo ni Haryana, jimbo la India ambalo sensa ya 2011 ilihesabu wanawake 879 kwa kila wanaume 1,000. Mahali kama hapo, baba kumvalisha binti kaptura na kumtia ulingoni mbele ya kijiji kizima si jambo dogo. Kwa hilo mumeo namvulia kilemba.

Lakini nina neno naye. Mahavir alitaka mtoto wa kiume amletee dhahabu aliyoikosa yeye, na mabinti hakuwaona mpaka siku walipowatwanga wavulana wa mtaani. Walipojaribu kumkwepa, wakisingizia kwamba matope ya mazoezi yanawatia chawa, aliita kinyozi. Kwetu kunyolewa hakushtui, shule zinanyoa kila siku, ila mtazame tena binti yake Geeta, bado mdogo, nywele zinapoanguka. Hakuna aliyemuuliza.

Halafu ile fainali ya Geeta kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Delhi. Kwenye filamu baba anafungiwa chumbani, binti anabaki peke yake na kushinda sekunde za mwisho. Wametunga. Geeta Phogat wa kweli alitwaa dhahabu ya kilo 55 mwaka 2010 bila jasho jingi, na hakuna baba aliyefungiwa. Kwa nini watunge? Mimi naona walistuka kwamba filamu nzima imemfuata baba, na akibaki jukwaani hata ushindi utakuwa wake. Ikabidi wamtie kufuli ili binti aonekane.

Sasa barua yako. Nimeisoma mara mbili. Mumeo kasema, majirani wamesema, wewe umesema. Binti hana hata neno moja.

Siku baba hayupo, kaeni jikoni mchambue mchicha, umuulize: baba akisafiri mwezi mzima, ungeamka kukimbia? Kisha nyamaza, usimsaidie kujibu. Akisema ndiyo, atafutiwe mwalimu wa ndondi anayejua kufundisha watoto, na glavu zinazomtosha, maana hizo za babaye zitamtegua kifundo cha mkono. Na usiku alale mapema. Akisema hapana, nitumie anwani ya mumeo, nitamwandikia mwenyewe.

Akisema sijui, mwache wiki mbili alale mpaka kumekucha. Halafu uone, siku ya kumi na tano, nani kaamka wa kwanza kutafuta viatu.