Kadi ya sauti iko kimya

SWALI: Mjomba kaniachia Commodore 64 na kadi ya sauti ya SFX Sound Expander. Nimeichomeka, lakini runingani nasikia sauti ileile ya kawaida. Imekufa?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Huenda ni nzima kabisa. Chipu yake, Yamaha YM3526, hutoa sauti 9 kwa pamoja; SID, chipu ya sauti ya kompyuta yenyewe, hutoa 3. Ila sauti zake hazipiti runingani, hutokea kwenye tundu la kadi yenyewe. Liunganishe na redio yenye amplifaya, kisha tumia programu iliyoandikwa kwa ajili ya kadi hiyo. Zima kompyuta kabla ya kuchomeka au kuchomoa kadi. Pima pia adapta ya umeme ya kompyuta: laini ya volti 5 ikizidi 5.25, usiitumie, inaweza kuunguza chipu.