Jina, Nasaba na Kichwa: Utajaji wa Madirisha ya Kompyuta Ukilinganishwa na Majina ya Watu wa Pwani ya Tanga

1.0 Utangulizi

Neno dirisha, lenye asili ya Kiajemi, limepata maana mpya katika uwanja wa kompyuta: ni eneo la skrini ambamo programu huonyesha kazi yake. Kwa watunzi wa programu, hata kitufe na kisanduku cha kuandikia huhesabiwa kuwa madirisha madogo yaliyomo ndani ya dirisha kubwa. Makala haya yanajadili jinsi madirisha hayo yanavyopewa majina na jinsi yanavyotafutwa. Hoja kuu ni kwamba dirisha moja laweza kutajwa kwa njia tatu, na kwamba mfasiri asiyezitofautisha njia hizo aweza kuivunja programu kwa tafsiri iliyo sahihi kabisa.

2.0 Jina la Nasaba

Mwandishi Shaaban bin Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Muundo wa jina lake ni wa kawaida katika pwani hiyo. Jina Shaaban peke yake halitoshi kumtambulisha mtu, kwani kijiji kimoja chaweza kuwa na akina Shaaban kadhaa. Neno bin humfunga mtoto kwa baba yake, na utata ukizidi huongezwa jina la babu.

Zana za Tk, zilizobuniwa na John Ousterhout katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, hufuata kanuni iyo hiyo. Dirisha kuu hutajwa kwa nukta peke yake. Kitufe kiitwacho hifadhi, kilichomo ndani ya fremu iitwayo fomu, hutajwa kama .fomu.hifadhi. Jina hilo hulazimika kuwa la pekee miongoni mwa ndugu tu. Binamu aweza kulitumia pia.

Hata hivyo, kuna tofauti mbili. Kwanza, Kiswahili huanza na mtoto na kupanda kwa wazazi, ilhali Tk huanza na mzizi na kushuka. Pili, jina la dirisha la Tk halibadiliki baada ya dirisha kuundwa, ilhali binadamu huongezewa majina maishani: mwanamke akijifungua huitwa Mama Fulani, kwa jina la mwanawe.

3.0 Namba na Kichwa

Njia ya pili ni namba. Mfumo wa X, ulioanzishwa katika chuo cha MIT mwaka 1984, hulipatia kila dirisha namba yake. Namba hiyo hurejelea bila kueleza. Haisemi lolote juu ya dirisha, na dirisha likifungwa yaweza kupewa jingine.

Njia ya tatu ni kichwa, yaani maandishi ya juu ya dirisha. Haya yamekusudiwa macho ya mtumiaji, na aghalabu hubadilika kila faili jipya lifunguliwapo. Pamoja na hayo, baadhi ya zana huyatumia kutafutia. Katika Windows, amri ya FindWindow hulitafuta dirisha kuu kwa aina yake, kwa kichwa chake, au kwa vyote viwili. Katika wxWidgets, utafutaji wa jina usipofaulu, hutafutwa maandishi yanayoonekana.

4.0 Athari kwa Tafsiri

Suala hili si la nadharia tu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Katika kazi ya namna hiyo mfasiri hukabidhiwa orodha ndefu ya maneno, mara nyingi bila kuonyeshwa mahali yatumikapo.

Chukulia programu ya wakala wa mizigo katika bandari ya Tanga. Sehemu yake moja hulitafuta dirisha lenye kichwa cha Kiingereza Invoice ili ilijaze tarakimu. Mfasiri aandika Ankara. Tafsiri haina dosari, na dirisha limo kwenye skrini. Lakini utafutaji warudi mikono mitupu. Kirejelewa kipo, kitaja kimebadilika.

5.0 Hitimisho

Kichwa ni lakabu ya hadharani, na lakabu hufuata lugha ya wanaoitumia. Kwa hiyo mtunzi wa programu apaswa kutafuta kwa jina la ndani au kwa namba, na kumwachia mfasiri kichwa. Mfasiri naye, kabla ya kufasiri neno lolote la orodha, apaswa kuuliza: neno hili lasomwa na mtu, au laitwa na mashine?