Tumeshika kumlipa kibarua, tumesahau kumlinda

Sote tumelelewa katika mafundisho kwamba kibarua alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mimi binafsi nilikuwa nikijivunia jambo hili. Aliyefanya kazi shambani kwangu hakuondoka jioni bila fedha yake mkononi, na nilidhani hapo nimemaliza. Julai mwaka 2021 ndipo nilipojua kuwa haki ya kibarua haianzi jioni wakati wa malipo. Inaanza asubuhi, kabla hajagusa kazi.

Kama wenzangu wengi wa hapa Dar es Salaam, nina shamba dogo la miembe Mkuranga, ninalolitembelea mwisho wa wiki. Msimu ule miti ilikuwa imetoa maua, na ubwiriunga na wadudu wameanza kuyashambulia. Nikapatana kwa simu na mkandarasi wa kupuliza dawa. Mabomba yake, dawa yake, vijana wake. Mimi nitoe maji na fedha. Sikuuliza zaidi ya bei.

Jumamosi nilifika saa nne, upepo umeshaanza. Kijana mmoja alikuwa akipuliza matawi ya juu na dawa inamrudia usoni, huku bomba likimvujia mgongoni. Amevaa fulana na kandambili. Nikampa pole ya kazi. Akanijibu, "Shikamoo mzee, sisi tumeshazoea." Nikapita zangu. Kabla ya adhuhuri kijana yule alikuwa chini ya mti, anatapika, jasho na mate vinamtoka, pumzi inambana. Tulimkimbiza zahanati, na swali la kwanza la mganga likawa, "Katumia dawa gani?" Hakuna aliyejua. Dawa ilikuja ndani ya chupa ya soda. Mkandarasi hakuwepo na simu yake haikupatikana.

Alhamdulillah, kijana alipona baada ya siku kadhaa za kulazwa. Lakini mama yake aliponiuliza, "Baba, mwanangu alikuwa anamfanyia nani kazi?" nilikosa jibu. Mkandarasi alisema shamba si lake. Mimi nilitaka kusema kijana si wangu. Je, huyu mtoto alikuwa wa nani?

Tangu siku ile nimejiwekea utaratibu, nami nauleta kwenu.

Kwanza, kuuliza kabla ya kupatana. Dawa ije katika chombo chake chenye lebo, na uisome. Ule mkanda wa rangi chini ya lebo una maana: nyekundu ndiyo sumu kali zaidi, ikifuatiwa na njano, kisha buluu, na kijani ndiyo ya mwisho. Dawa nyingi za wadudu, zikiwemo za jamii ya oganofosfeti, hupenya kwenye ngozi hata bila kumezwa. Kwa hiyo mpuliziaji avae glavu za mpira, buti, nguo ndefu, miwani na kinga ya pua na mdomo inayofaa kwa dawa ile. Kitambaa kikilowa dawa huishikilia mwilini. Mkandarasi akisema hana vifaa hivyo, basi bei yake ni rahisi kwa sababu analipia afya ya vijana.

Pili, andikeni. Karatasi moja yatosha: nani analeta vifaa, nani anagharamia matibabu, nani msimamizi wa siku hiyo na namba yake ya simu. Na ieleweke kuwa hakuna mtoto atakayeshika bomba.

Tatu, waonyeshe shamba kabla ya kazi. Wewe ndiye unayejua kisima kilipo, shimo lililofunikwa na majani, mzinga wa nyuki, na waya wa umeme unaopita juu ya miti. Mgeni hajui.

Nne, awepo mtu mwenye amri ya kusimamisha kazi. Upepo ukianza, bomba likivuja au mtu akilalamika kichwa, kazi isimame. Nguo zilizolowa zivuliwe na ngozi ioshwe kwa maji mengi na sabuni. Mgonjwa aende hospitali pamoja na lebo ya dawa.

Tano, baada ya kazi. Chupa tupu zisuuzwe mara tatu, maji yake yarudishwe kwenye bomba, kisha zitobolewe ili mtu asije akazitilia mafuta ya kula. Siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo ziheshimiwe, ama sivyo sumu ile inafika sokoni na mezani kwetu.

Hayo hayo yanamhusu mnunuzi anayekuja na wachumaji wake. Tawi la mwembe huvunjika ghafla. Watumie ngazi imara na vichumio virefu, wasipande miti iliyolowa, wala asichume mtu karibu na waya wa umeme.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya mashamba makubwa. Sivyo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awafikirie hata wasiokuwa waajiriwa wake wanaoguswa na kazi yake. Na hata kama pasingekuwa na sheria, mtu aliyeingia shambani kwako kwa idhini yako ni amana mikononi mwako mpaka atoke.

Gharama ipo, sikatai. Msimu uliofuata nililipa zaidi kwa kazi ile ile. Lakini nilipofunga lango jioni, niliwahesabu vijana waliotoka wakawa sawa na walioingia, wote kwa miguu yao.

Wabillahi tawfiq.