Safari Ndefu ya Baiskeli: Hesabu Yake, Upepo Wake na Wenzako Njiani

Wanafunzi wengi wameniuliza kwa nini mtu mwenye nauli ya basi mfukoni aamue kwenda Muleba na kurudi Kashai kwa baiskeli siku moja. Niliahidi kuwajibu katika gazeti letu la muhula huu. Nitaeleza kwanza habari za safari hizi duniani, kisha hesabu yake, na mwisho nitasimulia safari yetu wenyewe, pamoja na kosa nililolifanya mimi, maana nalo ni sehemu ya somo.

1. SAFARI HIZI NI NINI?

Safari ndefu za baiskeli ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni mashindano, ambamo atanguliaye ndiye mshindi. Namna ya pili haina mshindi. Waendeshaji huonyeshwa njia, hupewa muda, na kila mmoja hupewa kadi ya kugongwa mhuri vituoni. Afikaye kabla ya muda kwisha amefaulu, awe wa kwanza au wa mwisho. Kwa desturi yao kilometa 200 hupewa saa 13 na nusu, kilometa 300 saa 20, kilometa 400 saa 27, na kilometa 600 saa 40.

Safari iliyo mashuhuri kuliko zote za namna hii ni ile ya Ufaransa, kutoka Paris hadi Brest na kurudi, kiasi cha kilometa 1,200. Ilifanywa mara ya kwanza mwaka 1891 kama mashindano, na Charles Terront alishinda kwa kuendesha kiasi cha saa 71. Siku hizi si mashindano tena. Hufanywa kila baada ya miaka minne, na wengi hupewa saa 90.

Zamani katika mashindano mengine msaada ulikatazwa kabisa. Mwaka 1913, katika Tour de France, Eugène Christophe alivunjikiwa uma wa gurudumu la mbele milimani. Aliibeba baiskeli yake kwa miguu mwendo wa zaidi ya kilometa kumi, akafika kwa mhunzi, akaushika mwenyewe moto na nyundo mpaka akaiunga. Walakini wasimamizi walimwadhibu, kwa sababu mtoto mmoja alimvutia mivukuto. Nawaomba mkumbuke habari hii, maana tutairudia.

Afrika nayo imo. Tangu mwaka 2003 kuna safari ya kutoka Cairo hadi Cape Town, ya miezi kama minne, ambayo njia yake hupita Tanzania. Mwaka 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alitwaa jezi ya kijani katika Tour de France. Na mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, jirani zetu hapa, na ilikuwa mara yake ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika.

2. HESABU YA PEDELI

Sasa twaa baiskeli ya kawaida, ya gurudumu la inchi 28, isiyo na gia za kubadilisha. Mathalan gia ya mbele ina meno 44 na ya nyuma ina meno 18. Gawanya 44 kwa 18, utapata 2.44. Maana yake ni kwamba ukizungusha pedeli mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara mbili na karibu nusu. Mzingo wa gurudumu hilo ni kiasi cha meta 2.2. Basi mzunguko mmoja wa pedeli hukupeleka karibu meta 5.4.

Kutoka Bukoba hadi Muleba ni kilometa zaidi ya 60. Gawanya meta 60,000 kwa 5.4, utaona kwamba mtu asiyeacha kukanyaga hata mteremkoni atazungusha pedeli zaidi ya mara 11,000 kabla ya kufika. Kurudi ni vivyo hivyo. Ndiyo sababu kiti kilichoinama kidogo, ambacho hakisumbui mtu aendaye sokoni, huwa adhabu kubwa ifikapo adhuhuri.

3. UPEPO

Katika barabara tambarare adui wa mwendeshaji ni hewa. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya hewa inayomzuia huongezeka mara nne. Lakini amfuataye mwenzake kwa karibu hupata kinga, na kazi yake hupungua kwa robo au hata theluthi. Kwa hiyo wenye busara hufuatana kwa mstari mmoja, na kila baada ya muda wa mbele hurudi nyuma apumzike. Watu watano wanaopokezana hivyo hufika mbali kuliko mmoja mwenye nguvu aendaye peke yake.

Mlimani mambo hubadilika. Mwendo huwa mdogo, upepo hauna kazi kubwa, na kila mtu huubeba uzito wake mwenyewe. Hapo mwenzako hana kinga ya kukupa. Anachoweza ni kupunguza mwendo wake ili mwende pamoja, au kukungoja juu.

4. CHAKULA

Mwili huweka akiba ya sukari katika misuli na ini. Kwa kazi ngumu akiba hiyo haitoshi zaidi ya saa mbili hivi. Ikiisha, mtu hutetemeka, hutoka jasho la baridi, huona giza, na miguu hukataa. Si uvivu, wala si woga. Dawa yake ni kula kabla ya njaa na kunywa kabla ya kiu, kidogo kidogo, njia nzima. Sisi wa Kagera hatuna udhuru, maana ndizi zimetuzunguka.

5. SAFARI YETU

Tulikuwa watano: mimi, fundi baiskeli, karani mmoja, mzee mmoja mchukuzi wa ndizi, na kijana wa Kidato cha Nne, ambaye mama yake alinikabidhi yeye kwa maneno machache, "Mwalimu, nakupa mtoto." Niliweka muda wa saa kumi, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba kundi jingine la mjini lilikwenda na kurudi kwa saa kumi na robo. Hilo sikuwaambia wenzangu.

Tuliondoka Kashai saa 1 asubuhi. Kupanda Rwamishenye tulitembea, tukisukuma. Mzee alicheka, akasema yeye mlima huo huupanda na mikungu mitano nyuma. Baada ya hapo tulifuatana vizuri, tukapita Kemondo na Muhutwe, tukipokezana mbele. Fundi alipopata pancha sote tulisimama, na katika dakika kumi na tano kiraka kilikuwa kimeshika. Tulifika Muleba saa 5 na nusu.

Hapo ndipo nilipokosa. Wenzangu walitaka kuagiza ndizi na maharage. Nilitazama saa, nikasema tunywe chai tu, tutakula Kashai. Mzee alinitazama asiseme neno. Kijana alisema, "Sawa, Mwalimu," maana mwanafunzi aseme nini?

Katika kurudi, kabla ya Muhutwe, niligeuka nikaona hayupo katika mstari. Tulimkuta ameketi kando ya barabara, mikono inatetemeka, midomo imekauka. Alisema, "Mwalimu, nendeni tu, nitapanda gari." Nakiri kwamba neno hilo lilinivutia. Tulikuwa bado na nafasi ya kuwahi saa kumi zangu. Nilianza kusema kwamba gari litampeleka salama. Mzee alilaza baiskeli yake majanini, akaketi karibu na kijana, akasema, "Mimi nimefika."

Basi hapakuwa na la kusema. Bibi mmoja wa nyumba ya jirani alitoka. Mzee akamwamkia, "Milembe, waitu," na kabla hatujaomba lolote alituletea maji, na baadaye sinia la ndizi na maharage. Hakutaka fedha. Kijana alikula, akalala nusu saa. Alipoamka rangi ilikuwa imemrudia, na mvua ikaanza.

Tulikwenda polepole, kijana akiwa wa pili katika mstari ili apate kinga ya upepo, na mzee nyuma yake. Tulifika juu ya Rwamishenye giza limeingia. Breki za baiskeli zetu hazishiki vizuri ringi zikilowa, kwa hiyo fundi alikataza mtu yeyote kupanda. Tuliushuka mlima kwa miguu, tochi moja mbele na moja nyuma, kando kabisa ya barabara. Saa 1 na nusu usiku tulikuwa Kashai. Saa kumi zilikuwa zimekuwa kumi na mbili na nusu.

Mama wa kijana alikuwa mlangoni na taa. Nilimweleza yote bila kuficha. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Saa ulikuwa nayo mkononi, Mwalimu, ila ya kula hukuiona." Halafu akatukaribisha sote ndani.

6. TUJIFUNZE NINI?

Turudi kwa Christophe. Sheria ya siku zile ilihesabu mkono wa mtoto kuwa kosa. Katika safari zetu mkono huo ndio unaofikisha watu, na ningekuwa na kadi ya kugonga mihuri, mhuri wa kwanza ningempa yule bibi ambaye jina lake sikuuliza. Nilidhani kiongozi ni yule ajuaye saa. Sasa nahesabu watu kwanza, kisha chakula, kisha saa. Muhula ujao tutakwenda tena, na muda utapangwa na aliye dhaifu kuliko wote. Wazazi watakaoruhusu watoto wao wanione, nami nitawaambia tutakula wapi.

MASWALI

1. Hesabu meno ya gia za baiskeli ya nyumbani kwenu na upime mzingo wa gurudumu. Mzunguko mmoja wa pedeli hukupeleka meta ngapi?
2. Ukikanyaga mara 60 kwa dakika kwa baiskeli hiyo, utakwenda kilometa ngapi kwa saa?
3. Eleza kwa nini kumfuata mwenzako kwa karibu husaidia tambarare, lakini si mlimani.
4. Kama ungekuwa wewe pale kando ya barabara, ungemwambiaje mwalimu wako? Andika kwa mistari kumi.