Somo: Elimu ya uhusiano wa mataifa yatufaa nini?

Wazazi waliohamishwa makwao huuliza: mtoto asomee uhusiano wa mataifa kwa faida gani?

Profesa Georges Nzongola-Ntalaja, Mkongomani, alisomea siasa na diplomasia Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifundisha chuo kikuu Lubumbashi, baadaye Marekani. Mwaka 2022 aliiwakilisha nchi yetu Umoja wa Mataifa.

Elimu hiyo haiko mbali na Manika. Mwaka 2008 Kongo ilipatana na makampuni ya China: madini ya Kolwezi kwa barabara na hospitali. Ndipo ikazaliwa Sicomines. Mwaka 2023 wakaguzi wa fedha wa serikali waliusoma mkataba upya, wakaona nchi inapunjwa. Mwaka 2024 fedha za ujenzi zilipandishwa kutoka dola bilioni 3 hadi bilioni 7. Kusoma kulizaa mazungumzo, si vita.

Mgodi ukipanuka, familia huhama. Asiyesoma hutia sahihi asichokijua.

Maswali ya kikundi:
1. Karatasi za fidia, nani hutusomea kabla hatujatia sahihi?
2. Tumsaidieje kijana wetu amalize shule?