Dondoo muhimu: Kujifunza gitaa ukiwa Kalunguta

- Anzia kwenye kwaya. Mpiga gitaa wa kanisa lako ni mwalimu wa karibu. Baada ya mazoezi, mwombe akuonyeshe akodi tatu: sol, do na re.
- Msikilize mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey huko Jadotville, sasa Likasi, mwaka 1952. Alipiga kwa kidole gumba na cha shahada. Fuata kwanza mwendo wa gumba.
- Pakua video za masomo ukifika Butembo au Beni, uzitazame nyumbani bila intaneti.
- Linganisha nyuzi kabla ya kupiga: mi, la, re, sol, si, mi. Programu ya simu husaidia.
- Weka uzi wa akiba, hasa ule mwembamba, kwani hukatika upesi.
- Piga dakika 20 kila siku.