Mashine ya theluji: ipi inageuka kwa urahisi?

SWALI: Nimehamia Minnesota na nataka mashine ya theluji ya hatua mbili. Nizingatie nini kwenye magurudumu na ugeuzaji?

JIBU: Katika mashine hizi, parafujo hukusanya theluji, kisha feni huirusha mbali. Kwa kuwa ni nzito, injini huyaendesha magurudumu pia.

Kuyafikishia magurudumu nguvu, nyingi hutumia sahani ya chuma inayosuguana na gurudumu dogo lenye raba. Mfumo huu ni wa bei nafuu na raba hubadilishwa kwa urahisi, ila huteleza ikilowa au ikilika. Mfumo wa haidroliki hukuwezesha kubadili mwendo bila kusimama, lakini ni ghali.

Katika ugeuzaji ndipo penye tofauti kubwa. Ekseli moja ngumu huzungusha magurudumu yote pamoja: hushika barafu vizuri, lakini kwenye kona utaivuta kwa mabavu. Mashine zenye vishikio chini ya mikono ni nyepesi kugeuza: ukibana cha kulia, gurudumu la kulia huachiwa, mashine ikageukia huko.

Njia yako ikiwa fupi na imenyooka, ekseli ngumu inatosha. Ikiwa na kona, ongeza pesa ununue yenye vishikio. Utanusuru mgongo wako.

Na tafadhali, theluji ikikwama, zima injini, utumie kijiti, kamwe si mkono.